Friedrich Wagner na Sentimita Chache za Ukingo

Tarehe 4 Februari 1982, ndani ya mtambo uitwao ASDEX katika mji wa Garching, kaskazini kidogo mwa Munich, gesi iliyopashwa joto la mamilioni ya digrii ilibadili tabia kufumba na kufumbua. Mwanga uliokuwa ukitoka pembezoni mwake ukafifia ghafla. Chembe zilizokuwa zikitoroka zikaanza kubaki ndani, na kanieneo ikapanda. Hakuna nadharia iliyokuwa imetabiri mgeuko huo. Mtu aliyeung'ang'ania, akaupima, akaurudia na kuutetea mpaka dunia ya wanafizikia ikaukubali ni Friedrich Wagner, Mjerumani aliyekuwa na miaka 38, na ambaye fani hii ya kuunganisha viini vya atomi aliingia ukubwani.

Nafundisha fizikia kidato cha tano na cha sita, na nina sababu ya kumwandika mtu huyu badala ya wale ambao majina yao yamo katika kila kitabu cha kiada. Mwanafunzi wetu hukutana na Newton, Faraday na Einstein, watu ambao kwake wamekwisha kugeuka kanuni za kukariri. Hakutani na mtafiti aliyekaa mbele ya vipimo visivyoeleweka akakataa kuvipuuza. Kwa kijana wa miaka 18 anayejiuliza kama sayansi ni kazi ya watu wa aina yake, naona huyu wa pili ana faida kubwa zaidi.

Tuanzie kwenye swali ambalo darasani haliishi kuulizwa: kama jua huwaka kwa kuunganisha viini vya atomi, mbona sisi hatufanyi vivyo hivyo tukapata umeme? Jibu ni kwamba viini vyote vina chaji chanya, na chaji za aina moja husukumana. Ili viwili vigusane na kushikana, inabidi virushwe kwa kasi ya kutisha, na kasi ya chembe ndiyo joto. Katikati ya jua joto ni kama digrii milioni 15, na jua lina msaada ambao sisi hatuna: uzito wake mkubwa huyabana yote kwa pamoja. Hapa duniani, pasipo uzito huo, inatubidi tufike kama digrii milioni 150.

Fueli yenyewe haina shida. Tunachukua ndugu wawili wazito wa haidrojeni, deuteriamu na tritiamu. Deuteriamu imo katika maji ya bahari. Tritiamu ni adimu kwa sababu nusu yake huoza kila baada ya miaka 12 hivi, lakini inaweza kutengenezwa kutokana na madini ya lithiamu. Vikiungana, hutoka heliamu na nyutroni moja yenye kasi kubwa. Nyutroni hubeba nne ya tano ya nishati, huenda kuupiga ukuta wa mtambo na kuupasha; joto hilo ndilo lingechemsha maji na kuzungusha jenereta. Heliamu hubaki ndani na kuendelea kuipasha ile gesi.

Shida ni chombo. Hakuna chuma, udongo wala jiwe linaloweza kubeba kitu chenye digrii milioni 150. Na hata kama lingekuwapo, kitu hicho kingepoa mara tu kingeligusa. Lakini katika joto hilo elektroni zimekwisha kubanduka kutoka kwenye viini, na gesi imekuwa plazima, yaani mchanganyiko wa chembe zenye chaji. Chembe yenye chaji ikiingia katika uga wa sumaku haiendi moja kwa moja; huzunguka mstari wa uga na kuufuata. Hiyo ni mada ya kidato cha sita, haina muujiza wowote. Kwa hiyo ukitengeneza bomba, ukalikunja mpaka ncha zake zikaungana, na ukalizungushia koili za sumaku kwa ustadi, chembe zitakimbia humo bila kufika ukutani.

Wazo hilo lilizaa mitambo ya aina mbili. Mwaka 1951 Lyman Spitzer wa Princeton, Marekani, alibuni stelareta, ambayo uga wake wote hufinyangwa na koili za nje. Miaka hiyo hiyo, Igor Tamm na Andrei Sakharov wa Urusi ya Kisovyeti waliweka msingi wa tokamaki, ambayo sehemu ya uga wake hutokana na mkondo wa umeme unaopita ndani ya plazima yenyewe. Mwaka 1968 Warusi walitangaza kwamba tokamaki yao imefikia joto ambalo Magharibi hawakuliamini, na mwaka uliofuata Waingereza wa maabara ya Culham wakafunga safari mpaka Moscow na leza yao kupima wenyewe. Warusi walikuwa wakweli. Katikati ya Vita Baridi, hayo yalikuwa makubwa. Baada ya hapo karibu kila taasisi ilijenga tokamaki.

Kisha wakakutana na mkosi. Mkondo wa umeme peke yake haukutosha kuipasha plazima kufikia joto linalotakiwa, kwa hiyo walianza kuipiga kwa mihimili ya atomi zenye kasi kubwa. Joto liliongezeka, ila si kwa kiasi walichotarajia, kwa sababu kadiri walivyozidisha nguvu ndivyo plazima ilivyozidi kupoteza joto upesi. Wahenga walisema kuvuja kwa pakacha ni nafuu ya mchukuzi. Lakini mchukuzi wa joto hana nafuu hiyo, maana kila kinachovuja lazima akilipe upya. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 ilionekana wazi kwamba, mambo yakibaki hivyo, mtambo wa kuzalisha umeme ungelazimika kuwa mkubwa mno na wa gharama isiyobebeka.

Hapo ndipo Wagner alipoingia. Alizaliwa mwaka 1943. Shahada yake ya udaktari aliipata Munich mwaka 1972, akaenda Ohio, Marekani, kufanya utafiti wa fizikia ya baridi kali. Mwaka 1975 alijiunga na Taasisi ya Max Planck ya Fizikia ya Plazima huko Garching. Fikirini safari hiyo: kutoka kwenye maabara ambako kazi ni kuondoa joto mpaka linakaribia kwisha kabisa, kwenda kwenye maabara ambako joto halitoshi hata likiwa la mamilioni. Mimi naamini ugeni huo ulimsaidia. Mtu aliyelelewa ndani ya fani hujua mapema mno kipi hakiwezekani.

ASDEX ilianza kazi mwaka 1980, na ilikuwa na kitu ambacho tokamaki nyingi za wakati huo hazikuwa nacho. Katika mitambo ya kawaida, mpaka wa plazima uliwekwa na kipande cha madini kilichochomoza ndani. Plazima ilikikwaruza, ikang'oa atomi zake, na uchafu huo ukaipoza. ASDEX ilitumia sumaku kuchepusha mistari ya uga ya pembezoni na kuipeleka kwenye chumba cha pembeni, ambako chembe zilizotoroka zilipokewa mbali na moyo wa plazima. Mpango huo huitwa divata. Lengo lake lilikuwa usafi tu. Hakuna aliyeujenga akitafuta kizuizi cha joto.

Siku ile ya Februari, nguvu ya mihimili ilipovuka kiwango fulani, mambo yakageuka. Mwanga wa haidrojeni kwenye divata ulishuka ghafla, ishara kwamba chembe chache zilikuwa zikifika huko. Mtu mwenye haraka angesema kifaa kimeharibika, au plazima iko karibu kufa. Lakini vipimo vingine vilisema kinyume: msongamano wa chembe unapanda, nishati iliyomo inapanda, muda wa kushikilia joto umekuwa kama mara mbili. Na haikuwa bahati ya mara moja. Wagner na wenzake walitafuta masharti yake mpaka wakayaweka kwenye karatasi: nguvu ya mihimili isipungue megawati 1.9, msongamano usishuke chini ya kiwango fulani, na lazima divata itumike. Ukirudisha kile kipande cha madini, hali hiyo haitokei. Waliiita hali ya H, ya juu, na ile ya zamani iliyokuwa ikivuja wakaiita hali ya L, ya chini. Majina hayo hayajabadilika mpaka leo.

Makala yao ilitoka Novemba 1982 katika jarida la *Physical Review Letters*, ikiwa na orodha ndefu ya waandishi, kama ilivyo haki kwa kazi ya mtambo mkubwa. Jina la kwanza ni la Wagner. Miezi miwili kabla, matokeo yalikuwa yamefikishwa Baltimore, Marekani, kwenye mkutano wa Shirika la Kimataifa la Nishati ya Atomiki, na wengi hawakusadiki. Sina lawama nao. Mtambo mmoja tu ulikuwa umeiona hali hiyo, haikuwa na maelezo ya kinadharia, na ilikuja kama zawadi mahali ambapo kila mtu alikuwa ameshazoea hasara. Mashaka ya namna hiyo ndiyo yanayoifanya sayansi iaminike. Yaliondoka kwa njia moja tu inayokubalika: wengine walijaribu wakaipata. Princeton waliipata, San Diego wakaipata, na mwaka 1986 mtambo wa JET wa nchi za Ulaya, uliojengwa Culham, Uingereza, ukaipata pia, ingawa JET haikuundwa na divata. Wahandisi wake walilazimika kuupinda uga wa sumaku ili mpaka wa plazima ufanane na ule wa ASDEX.

Ni nini hasa kilichotokea ndani? Wagner alionyesha mwaka 1984 kwamba siri haikuwa katikati, bali ukingoni kabisa. Moyo wa plazima hutoa mara kwa mara mapigo ya joto yanayosambaa kuelekea nje. Katika hali ya H, mapigo hayo yalipofika karibu na mpaka yalizuiliwa. Palikuwa na tabaka jembamba, la sentimita chache tu, lililokuwa likizuia joto na chembe zisipite. Nje ya tabaka hilo plazima ni baridi, ndani yake kanieneo hupanda ghafla, na plazima yote ya katikati hunyanyuka pamoja nayo.

Maelezo ya tabaka hilo yaliwashughulisha watu kwa miaka, na ni mazuri kiasi kwamba nitayakalia kidogo. Plazima haivuji kwa sababu chembe moja moja zinapotea njia. Huvuja kwa msukosuko. Ndani yake huzuka mizunguko midogo isiyotulia, na kila mzunguko hubeba joto kutoka ndani na kulitupa nje. Sasa, katika ule ukingo huzaliwa uga wa umeme wenye nguvu, na pamoja na uga wa sumaku huifanya plazima itiririke kulizunguka bomba. Kasi ya mtiririko si moja: tabaka hili huenda mbio, la jirani yake huenda polepole au hata kinyume. Mzunguko wa msukosuko ukijitandaza juu ya matabaka hayo hunyooshwa, hukatika na kufa kabla haujafika mbali na mzigo wake. Msukosuko ukipungua, kanieneo huzidi kupanda ukingoni. Kanieneo ikipanda, uga wa umeme huzidi. Na uga ukizidi, msukosuko hukatwa zaidi. Hali inajiimarisha yenyewe, na ndiyo maana mgeuko ni wa ghafla. Vipimo vilivyofanywa San Diego mwishoni mwa miaka ya 1980, pamoja na kazi za wananadharia wa Japani na Marekani, viliipa picha hiyo nguvu.

Faida yake inaonekana kwenye hesabu. Katika joto linalohusika, nishati inayozalishwa na muunganiko hukua kwa mraba wa kanieneo. Ukiifanya kanieneo kuwa mara mbili, unapata mara nne. Tabaka la sentimita chache liliwapa wahandisi nafasi ya kubuni mitambo midogo kuliko ile waliyokuwa wakiiogopa.

Lakini kizuizi kizuri kina madhara yake, na watu wa ASDEX waliyaona mapema. Kanieneo ikizidi mno ukingoni, ukingo hupasuka kwa mlipuko mfupi, humwaga joto na chembe kwenye divata, kisha hujijenga upya, na hivyo hivyo mara nyingi kwa sekunde. Kwa mtambo mdogo si neno. Kwa mtambo mkubwa, mapigo hayo yanaweza kuumomonyoa ukuta, hata ukiwa wa tungsteni, madini yanayostahimili joto kuliko mengine yote. Na milipuko ikikosekana kabisa, uchafu na majivu ya heliamu hurundikana ndani na kuipoza plazima. Kwa hiyo kizazi kizima cha watafiti kimetumia miaka yake kutafuta namna ya kuuacha ukingo upumue bila kupasuka: kwa koili ndogo zinazoutikisa uga, kwa vidonge vya haidrojeni iliyogandishwa vinavyorushwa ndani. Sehemu kubwa ya kazi inayofanywa leo katika fani hii ni kuhangaika na ule ukingo wa mwaka 1982.

Wagner mwenyewe hakubaki kuyalinda matunda yake. Mwaka 1986 alipewa uongozi wa mradi wa ASDEX, na mwaka 1989 akahamia kuongoza Wendelstein 7-AS, stelareta iliyokuwa hapo hapo Garching. Ilikuwa hatua ya ujasiri, kwa kuwa stelareta zilikuwa zimeachwa nyuma na wengi. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 yeye na wenzake waliipata hali ya H humo pia. Kwangu hili lina uzito karibu sawa na ugunduzi wa kwanza. Kabla ya hapo mtu angeweza kudhani kwamba hali ya H ni tabia ya tokamaki, inayotokana na ule mkondo wake wa ndani. Kuipata katika stelareta, isiyohitaji mkondo huo, kulionyesha kwamba ni tabia ya plazima yenyewe ikiwekewa mpaka unaofaa.

Baada ya Ujerumani kuungana, taasisi ilifungua tawi Greifswald, kwenye pwani ya Baltiki katika iliyokuwa Ujerumani Mashariki, karibu na kituo cha umeme wa nyuklia kilichofungwa mwaka 1990. Huko ndiko ilikopangwa kujengwa stelareta kubwa zaidi duniani, Wendelstein 7-X. Wagner alihamia huko, akawa profesa wa chuo kikuu cha mji huo mwaka 1999, na akawa miongoni mwa waliobeba mradi katika miaka yake migumu. Koili 50 za mtambo huo, kila moja imepindwa kwa umbo lililotafutwa kwa kompyuta, zinahitaji kukaa katika baridi kali karibu na sifuri halisi ili zipitishe umeme bila ukinzani. Yule kijana aliyeanza na fizikia ya baridi alikuwa sasa na baridi na moto katika nyumba moja, vikitenganishwa na nafasi ndogo. Alistaafu mwaka 2008. Plazima ya kwanza iliwaka Desemba 2015, na Februari 2016 ile ya kwanza ya haidrojeni iliwashwa na Angela Merkel, Kansela wa Ujerumani, naye mwanafizikia kwa taaluma. Mwaka 2023 mtambo huo uliishikilia plazima kwa dakika nane.

Tukija kwenye kupima athari ya mtafiti, mtindo wa siku hizi ni kuhesabu ni mara ngapi makala zake zimetajwa na wengine. Makala ya 1982 iko miongoni mwa zinazotajwa sana katika fizikia ya plazima, na Wagner alipewa heshima zake: Tuzo ya Hannes Alfvén mwaka 2007, Medali ya Stern-Gerlach mwaka 2009, na uongozi wa Chama cha Fizikia cha Ulaya. Hata hivyo naona hesabu hiyo haifiki kwenye kiini. Baada ya 1982, tokamaki kubwa zilizofuata ziliundwa au kurekebishwa ili ziwe na divata. Huo ni uamuzi wa chuma, saruji na bajeti za serikali. JET, iliyoanza bila divata, ilifunguliwa ikawekewa. Sehemu kuu za ASDEX yenyewe, baada ya kuzimwa mwaka 1990, zilisafirishwa mpaka Chengdu, zikajengewa mtambo uitwao HL-2A, na mwaka 2009 mtambo huo ukawa wa kwanza nchini China kufikia hali ya H. Mnamo Januari 2025 mtambo mwingine wa China, EAST, uliishikilia hali hiyo kwa sekunde 1,066. Katika ASDEX hali hiyo ilidumu chini ya sekunde kumi.

Jambo jingine linalonivutia ni alichofanya baada ya kustaafu. Angeweza kuzunguka akiinadi fani yake. Badala yake alichukua takwimu za umeme wa Ujerumani za mwaka 2012, akachunguza kwa makini nini kingetokea kama nchi ingetegemea zaidi upepo na jua: umeme kiasi gani ungezidi siku za upepo mkali, kiasi gani ungepungua usiku usio na upepo, na ghala la ukubwa gani lingehitajika kufidia. Wapo wasiokubaliana na hitimisho lake. Lakini mezani aliweka namba, si kauli.

Je, umeme umepatikana? Bado. Katika majaribio yake ya mwisho mwaka 2023, JET ilizalisha megajuli 69 kwa kutumia miligramu 0.2 tu za fueli, nishati ambayo ungeipata kwa kuchoma kilo mbili hivi za makaa ya mawe. Ilikuwa rekodi, ingawa mtambo ulitumia zaidi ya ulichotoa. Mtambo wa kimataifa wa ITER unajengwa kusini mwa Ufaransa ukilenga kutoa megawati 500 za muunganiko kwa kupasha plazima kwa megawati 50. Majaribio yake ya deuteriamu na tritiamu yamesogezwa mpaka 2039. Anayewaambia wananchi kwamba umeme huu uko mlangoni hawatendei haki, na anayesema hautakuja kamwe hajasoma historia ya kazi yenyewe.

ITER imekadiriwa tangu mwanzo kwamba itafanya kazi katika hali ya H. Makadirio hayo yametokana na vipimo vya mitambo mingi vilivyokusanywa pamoja, maana mpaka sasa hakuna mlinganyo unaoweza, kutoka kwenye kanuni za msingi peke yake, kutabiri kwa uhakika ni nguvu kiasi gani itahitajika ili mgeuko utokee katika mtambo wa ukubwa huo. Kinachojulikana kutokana na majaribio ni kwamba haidrojeni ya kawaida hudai nguvu nyingi zaidi kuliko deuteriamu, na tritiamu hudai kidogo kuliko zote mbili. Kwa sababu hiyo wahandisi wa ITER wanapopanga ratiba ya majaribio yao ya mwanzo, moja ya mambo wanayoyajadili ni lile lile lililoandikwa Garching kwa megawati 1.9: plazima ipewe nguvu kiasi gani ndipo ukingo wake ugeuke.